Diski, leseni na sisi tusiokuwa kwenye ramani

Mwezi huu nimecheza kidogo kuliko kawaida, ila nimefikiri zaidi. Nimeimaliza Ghost of Tsushima, gemu ya mwaka 2020 ambayo wenzangu walishaimaliza, wakaisifia, wakaisahau. Nimecheza EA Sports FC 26 kila wikiendi, maana mtaani kwetu kijana asiyeijua hana cha kuchangia jioni kijiweni. Na nimeirudia Tales of Kenzera: ZAU, safari hii nikiwa nimeweka sauti za Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa niulize ipi kati ya hizo ni mali yangu. Ghost of Tsushima ni diski niliyoazima kwa jirani, ambaye naye aliinunua ikiwa imeshatumika, Kariakoo. Ndani ya kasha kuna jina la mtu mwingine kabisa, limeandikwa kwa kalamu ya wino. FC 26 nimeinunua mwenyewe, dukani, kwa fedha taslimu, lakini Ultimate Team, sehemu inayonirudisha kila wiki, haichezeki bila seva za EA. Kenzera imo kwenye akaunti yangu, na akaunti hiyo inaamini kuwa mimi ni mkazi wa Marekani. Anwani niliyojaza nilipoifungua ni ya mji ambao sijui hata uko upande gani wa nchi ile.

Kwa miaka kadhaa sasa wachezaji wa konsoli duniani wamekuwa wakivutana na kampuni juu ya jambo hili. Kampuni zinaelekea kwenye gemu za kupakua tu. Wachezaji wanataka kubaki na kitu mkononi. Wanaosikika zaidi wako Marekani, Ulaya na Japani, na hoja zao zina uzito. Ila ukiwasikiliza ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, unaona kwamba pande zote mbili zinajadiliana kana kwamba kila mchezaji ana duka halali la kununulia. Sisi hatuna, na hilo linabadilisha hesabu yote.

Turudi kidogo hadi 2013, kwa sababu vijana wengi wanaoshika padi leo hawaikumbuki. Microsoft ilipoitambulisha Xbox One ilisema mashine hiyo italazimika kuingia intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba gemu zilizotumika zitakuwa na masharti. Wachezaji wakaja juu. Mwezi Juni, kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles, Sony ikapanda jukwaani na kutangaza kwamba PS4 haitakuwa na masharti hayo, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ikatoa na video fupi ya kuwadhihaki wapinzani: Shuhei Yoshida, mmoja wa wakubwa wa PlayStation, anampa mwenzake wa kazini, Adam Boyes, kasha la gemu, mwenzake anashukuru, imekwisha. Ndivyo unavyoazimana gemu kwenye PS4. Siku chache baadaye Microsoft ikafuta masharti yake, lakini PS4 ilishachukua uongozi na haikuuachia.

Novemba 2024 Sony hiyohiyo ikaanza kuuza PS5 Pro kwa dola 700 kasoro senti, bila sehemu ya kuingizia diski. Ukiitaka unainunua pembeni kwa dola 80 hivi, na siku ya kuifunga lazima mashine iwe na intaneti ili isajiliwe. Sidhani kwamba wakubwa wa kampuni ile waligeuka watu wabaya katika miaka hiyo 11. Soko lilibadilika, nao wakalifuata. Lakini ile video bado ipo mtandaoni na kila mwaka inazidi kuchekesha.

Tuwasikilize kwanza wenye kampuni, maana mara nyingi tunawatukana kabla hawajamaliza kusema.

Diski ikiuzwa mara ya pili, ya tatu, ya saba, aliyetengeneza gemu hapati hata senti. Ghost of Tsushima niliyoicheza imepita mikono kadhaa, na Sucker Punch, studio iliyoitengeneza, ililipwa mara moja tu. Nimezunguka kisiwa chao chote, nimefuata mbweha wao hadi kwenye madhabahu, nimesimama kwenye upepo wao nikitazama majani, na fedha yangu haijawafikia. Siwezi kujifanya kwamba hilo si kitu.

Halafu kuna gharama. Desemba 2023 wadukuzi walivujisha nyaraka za studio ya Insomniac, na dunia ikaona kwamba Marvel's Spider-Man 2 iligharimu takriban dola milioni 300 kuitengeneza. Wakati huohuo bei ya gemu kubwa nchini Marekani ilikaa kwenye dola 60 kwa miaka kama 15, tangu enzi za Xbox 360 hadi mwaka 2020 ilipoanza kusogea kwenye 70. Ukiweka mfumuko wa bei kwenye hesabu, dola 70 za leo ni fedha pungufu kuliko walizolipa wachezaji wa Nintendo 64 mwaka 1997. Kwa hiyo anayesema gemu hazijawahi kuwa ghali namna hii anasema kwa uchungu tu. Hata kelele za Juni 2025, Nintendo ilipoiuza Mario Kart World kwa dola 80, zilikuwa na haki nusu.

Hoja yao ninayoiheshimu zaidi inahusu studio ndogo. Kuchapa diski, kutengeneza kasha, kusafirisha na kumwachia mwenye duka faida yake ni mzigo ambao studio ya watu 20 au 30 haiuwezi. Hata Remedy ya Finland, ambayo si ndogo hivyo, ilipoitoa Alan Wake 2 Oktoba 2023 iliitoa bila diski, ikaeleza kwamba kwa njia hiyo iliweza kushusha bei hadi dola 60 badala ya 70. Diski ilikuja mwaka uliofuata. Na gemu nyingi nzuri nilizocheza miaka hii ni ndogo, zisizo na kasha, zilizouzwa dola 15 au 20. Ulimwengu wa diski peke yake usingezizaa.

Nakubali yote hayo. Ninachokataa ni hitimisho.

Kama kufuta plastiki, meli, ghala na duka kunapunguza gharama, mbona gemu kubwa ya kupakua inaanza kuuzwa bei ileile ya diski? Alan Wake 2 tunaikumbuka kwa sababu wengine hawakufanya hivyo. Jibu ni kwamba kwenye konsoli kuna duka moja. Anayecheza kwenye kompyuta anaweza kulinganisha bei za maduka ya mtandaoni ya Steam, Epic na GOG kabla hajatoa fedha. Mwenye PlayStation ana PlayStation Store, basi. Hadi mwanzoni mwa 2019 maduka ya Marekani yaliweza kuuza namba za kufungulia gemu kamili za PlayStation. Aprili mwaka huo Sony ikasitisha. Tangu hapo mshindani pekee wa duka hilo ni diski: mwenye duka anayeshusha bei ili rafu ipungue, jirani anayeuza yake akishaimaliza, rafiki anayeazima. Diski ikiondoka, anayepanga bei atabaki peke yake chumbani.

Na hiyo fedha inayodaiwa haitoshi huwa inakwenda wapi? Oktoba 2023 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Januari 2024 ikapunguza wafanyakazi 1,900 kwenye kitengo chake cha gemu. Mei ikaifunga Tango Gameworks ya Tokyo, studio iliyoitoa Hi-Fi Rush mwaka mmoja tu kabla, gemu iliyopendwa na wachezaji na wahakiki. Bahati nzuri Krafton ya Korea Kusini ikaiokoa miezi michache baadaye. Oktoba 2025 bei ya Game Pass Ultimate, huduma yake ya kulipia kila mwezi ili ucheze gemu nyingi, ikaruka kutoka dola 20 hadi 30 kwa mwezi. Sony nayo ilipunguza watu 900 Februari 2024, na mwezi Agosti ikatoa Concord, gemu ya kurushiana risasi mtandaoni iliyotengenezwa kwa miaka mingi, ambayo ilizimwa wiki mbili baada ya kutoka. Sony ilirudisha fedha za watu wote walioinunua, na hilo tuwape. Lakini ukitazama orodha hii huoni biashara inayoumizwa na jirani yangu na diski yake. Unaona watu waliocheza kamari kubwa, wakakosa, kisha wakaja kutuomba tuchangie.

Kuna wanaoamini kuwa diski ndiyo dawa ya yote, nao nina neno nao. Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022 ilikuwa na diski, na ndani ya diski ile kulikuwa na megabaiti kama 70 tu; gemu yenyewe uliipakua. Diski za Concord zipo hadi leo na hazifunguki popote. Diski inakupa umiliki ikiwa gemu nzima imo ndani yake na haihitaji seva, na gemu za namna hiyo zinapungua kila mwaka.

Kilichowaamsha watu wa Ulaya ni The Crew, gemu ya mbio za magari ya Ubisoft iliyotoka Desemba 2014. Ungeweza kuicheza peke yako ukizunguka Marekani nzima kwa gari, lakini lazima uwe umeunganishwa na seva. Machi 31, 2024 seva zikazimwa, na aliyekuwa na diski akabaki na kipande cha plastiki. Mwezi uliofuata Ross Scott, Mmarekani mwenye chaneli ya YouTube, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games: kampuni ikitaka kuzima gemu iliyouzwa, iiache katika hali ambayo aliyenunua bado anaweza kuicheza. Kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita saini milioni 1. California nayo ilipitisha sheria, inayotumika tangu Januari 2025, inayolilazimisha duka la mtandaoni kumwambia mnunuzi wazi kwamba anachopata ni leseni, yaani ruhusa ya kuitumia gemu, si gemu yenyewe.

Chama cha kampuni za gemu cha Ulaya kimejibu kwamba kuwaachia wachezaji seva zao binafsi kunaondoa ulinzi wa data na udhibiti wa maudhui haramu, na kwamba masharti hayo yatapandisha gharama za gemu za mtandaoni. Mimi naona jibu lao lina ukweli kwa gemu ambayo maisha yake yote ni watu wengi kukutana mtandaoni. Kwa gemu ya mtu mmoja na gari lake barabarani, halina.

Hapo ndipo mjadala wa dunia ulipofika. Sasa tuuteremshe huku kwetu.

Ramani ya PlayStation Network (PSN), mtandao wa Sony wenye akaunti na duka la gemu, ina nchi sabini na kitu, na kusini mwa Sahara iliyomo ni Afrika Kusini. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo. Mashine zimejaa madukani, matangazo ya ligi ya FC yapo kila wiki, lakini ukitaka kufungua akaunti, nchi yako haipo kwenye orodha. Unachagua ya watu wengine, na tangu hapo unaishi kwa uongo mdogo ambao masharti ya kampuni yenyewe yanaukataza. Kadi yako ya benki haikubaliki kwa kuwa imetolewa Dar. Unanunua kadi za zawadi kutoka kwa watu wa Instagram, unatuma fedha kwa simu, unasubiri namba, na kuna siku namba inakuja imeshatumika na muuzaji hapokei simu tena. Yaliwahi kunikuta.

Mei 2024 dunia ililionja hili kwa siku chache. Helldivers 2, gemu iliyouzwa nakala milioni 12 katika wiki 12 za mwanzo, ilikuwa ikichezwa kwenye PS5 na kwenye kompyuta. Sony ikatangaza kwamba wa kompyuta nao lazima waunganishe akaunti ya PSN. Kukawa na tatizo: gemu ilishauzwa Steam katika nchi ambazo PSN haipo. Ikaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170. Wachezaji wa Ulaya na Marekani wakaandika maoni mabaya kwa maelfu, na ndani ya siku tatu Sony ikaachana na mpango wake. Nilifurahi kama kila mtu, ingawa nilijiuliza kwa nini jambo ambalo kwetu ni maisha ya kila siku tangu PS3 liligeuka kashfa pale tu lilipomgusa mtu wa kompyuta.

Ukiishi hivyo, diski inakuwa kitu kingine kabisa. Wapenzi wake wa Ulaya wanazungumzia rafu nzuri, makasha ya chuma na kumbukumbu za utotoni. Kwetu diski ndiyo soko. Inaingia kwa mzigo wa mfanyabiashara kutoka Dubai, haiulizi unaishi nchi gani, inalipiwa kwa fedha ya kawaida, na ukiichoka inarudi mzunguko kwa nusu ya bei au kwa kubadilishana. Gemu ya dola 80, ukichukua dola kwa shilingi 2,500, ni shilingi laki 2. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania kilipandishwa Julai 2025 hadi shilingi laki 5. Hakuna mtu wa kipato hicho atakayenunua gemu isiyoweza kuuzwa tena, na akinunua, mwenzake wa nyumbani amkanye.

Mwenye banda la gemu ndiye anayelijua hili vizuri kuliko mchambuzi yeyote. Ana runinga nne, PS4 nne, padi zilizofungwa gundi, na watoto wanaolipa kwa mechi. Diski ya FC ikishafanya kazi mwaka mzima anaiuza kwa mtu wa nyumbani. Intaneti haihitaji: mechi ni ya watu wawili wanaotukanana bega kwa bega. Februari 2025 PSN ilipozimika duniani kote kwa takriban saa 24, watu waliolipia huduma hiyo walishinda wikiendi wakitazama ujumbe wa hitilafu. Mabanda yenye diski hayakuwa na habari.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu upo na ni mzito. Kampuni zikitutazama sisi zinaona nini? Zinaona kizazi kilicholelewa na PS2 zilizochipiwa, yaani zilizochezewa ndani ili zikubali nakala za wizi, na CD za kuchoma zilizopangwa kwenye meza ya barabarani kwa bei ya chupa kadhaa za soda. Miaka mingi hatukulipa chochote. Mtu wa hesabu aliyeko Tokyo au California ana haki ya kuuliza kwa nini afungue duka, aajiri watu wa huduma kwa wateja na aingie gharama za kodi na sheria katika nchi sita, kwa ajili ya wateja ambao hajawahi kuona fedha yao.

Lakini hoja hiyohiyo ingeweza kutumika kwa muziki. CD za kuchoma zilijaa mitaani kuliko za gemu. Spotify ilipofika Kenya, Tanzania na nchi nyingine za eneo hili mwaka 2021 ilikuta watu waliozoea kutumiana nyimbo bure kwa simu, na haikukimbia. Iliweka bei ya hapa. Steam inauza Tanzania kila siku, kwa dola, kwa kadi za hapa. Kumwita mtu mwizi wakati umemfungia mlango wa duka ni rahisi mno. Fedha yetu ipo, inapita kwenye akaunti za Marekani na Uingereza, na kwenye vitabu vya kampuni inahesabiwa kuwa ya Wamarekani na Waingereza. Ndiyo maana hawatuoni.

Na diski nayo inatuumiza hapa, tusijidanganye. Hakuna wakala rasmi ninayemjua wa kumlalamikia ikija na mkwaruzo. Vumbi na joto la banda vinaila. Diski iliyotengenezwa kwa soko moja inaweza kukataa nyongeza ulizonunua kwa akaunti ya soko lingine. Na bei ya diski mpya Kariakoo ina ndani yake tiketi ya ndege ya mtu, ushuru na faida ya watu watatu, wakati mwenye akaunti anasubiri punguzo la mwisho wa mwaka na kupata gemu ileile kwa robo. Kwa fedha nilizotumia kwenye gemu ndogo za kupakua mwaka uliopita nisingepata diski mbili. Tatizo la upande huu ni bando: gemu moja kubwa inafika gigabaiti 100, na asiye na faiba nyumbani anaweza kulipia gemu mara mbili, mara ya kwanza kwa kampuni ya gemu na mara ya pili kwa kampuni ya simu.

Nirudi kwa Kenzera, maana ndiyo iliyonifanya nikalitazama jambo hili upya. Imetengenezwa na Surgent Studios ya Uingereza, iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza kwa wazazi wenye asili ya Kenya. Ni hadithi ya kijana aitwaye Zau anayemwendea Kalunga, mungu wa mauti, akitaka baba yake arudishwe. Salim ameeleza hadharani kwamba aliijenga juu ya msiba wa baba yake mwenyewe. Ilitoka Aprili 23, 2024 kwa dola 20, ikiwa na sauti za Kiswahili. Kiswahili cha watu wanaolia, wanaoombana radhi, wanaobishana na mzimu, ndani ya PS5. Kuna sehemu za mapigano zinazochosha na ramani yake ni ya kawaida, lakini sikumbuki konsoli kuwahi kuzungumza nami hivyo.

Swali la nani anaruhusiwa kuinunua linanikera. Mswahili wa Muscat anaweza: Oman imo kwenye orodha ya PSN, atajaza anwani yake ya kweli na kulipia kwa kadi yake. Binamu yake aliyeko Unguja hawezi. Ni kama kuandikiwa kadi ya harusi kwa jina lako kamili, kisha ukafika ukumbini ukaambiwa jina halipo kwa mlinzi. Na tusisahau kwamba gemu hii isingekuwepo bila ulimwengu wa dijitali: ni ya bei ndogo, ya studio ndogo, na siku ya kwanza iliingia kwenye PlayStation Plus ya ngazi ya Extra, huduma ya Sony ya kulipia ili ucheze gemu nyingi, jambo lililowawezesha watu ambao wasingeinunua kuionja. Miezi mitatu baadaye Surgent ikatangaza kupunguza wafanyakazi. Ingeuza zaidi kama ingekuwa na soko halali la wenye lugha yake? Labda si kwa kiasi cha kuiokoa. Lakini haikupewa nafasi ya kujaribu.

Kwa hiyo nasimama wapi? Ningeambiwa nichague moja tu, sheria ya Ulaya ya kuzuia gemu kuzimwa au duka linaloitambua Tanzania, lenye bei ya hapa na malipo ya simu, ningechagua duka bila kufikiri mara mbili. Najua wenzangu wa kampeni watanuna. Wao wanapigania haki ya kubaki na walichonunua. Sisi bado hatujaruhusiwa kununua. Leseni mbaya yenye jina langu la kweli ni afadhali kuliko leseni mbaya yenye anwani ya uongo, inayoweza kufutwa siku yoyote bila mimi kuwa na pa kulalamikia. Duka likija kwanza, tutakuwa wateja wanaohesabika, na mteja anayehesabika ndiye anayeweza kudai hayo mengine.

Chaguo hilo lina mtu atakayelilipia, naye ni mwenye banda. Duka rasmi lenye bei nzuri litawavuta wateja wake wa nyumbani, wale wanaonunua diski zake za mwaka jana. Halafu kuna suala la mashine. FC 26 bado imetolewa kwa PS4, konsoli iliyoingia sokoni Novemba 2013, na hiyo ndiyo sababu mabanda yanapumua. EA itaacha kuitolea PS4 siku moja. Siku hiyo mwenye banda atahitaji PS5 nne. Ya bei ndogo kabisa haina sehemu ya diski, na iliyo nayo iliuzwa dola 500 mwaka 2020, kisha Agosti 2025 ikapandishwa Marekani hadi 550, kabla haijagusa meli wala forodha. Akinunua za bei ndogo atalipia gemu moja mara kadhaa kwenye akaunti za nchi asizoishi, na hatakuwa na cha kuuza mwaka ukiisha. Akinunua za diski itabidi apandishe bei ya mechi, na watoto wanaokuja na sarafu mkononi baada ya shule watakwenda kucheza mpira wa bure kwenye simu za kaka zao.